Nani Kasema Gari Gumu Ndilo Linalokata Kona?

Katika mchezo wa magari ya rimoti ya kipimo cha 1:10, yale ya turingi yanayokimbizana kwenye lami na kwenye zulia, kuna ushauri mmoja unaotoka midomoni haraka kuliko mwingine wowote. Gari likiyumba, kaza. Likikataa kona, kaza. Likibiringika, kaza zaidi. Mwenye gari hununua springi ngumu, hujaza shokapu mafuta mazito, hufunga stabilaiza nene (waya zinazozuia gari kuinama) mbele na nyuma, kisha huweka kidole juu ya bodi, hubonyeza, na kufurahi kwamba gari halibonyei. Ushauri huo una wafuasi wengi na unatamkwa kwa kujiamini sana. Kwa hali nyingi anazokutana nazo mchezaji wa kawaida, ni ushauri mbovu.

Imani yenyewe haikuanzia kwenye magari madogo. Kijana aliyekulia Nairobi au Dar es Salaam ameona tangu utotoni kwamba gari la sifa ni lile lililoshushwa likakaribia kulamba barabara, linalomrusha abiria kila likipita juu ya tuta. Mara nyingi fundi amelishusha kwa kukata springi. Springi yenye mizunguko sita ikikatwa mmoja, ugumu wake huongezeka kwa asilimia 20, kwa sababu waya uliobaki ni mfupi na unajipinda kwa shida zaidi. Gari linakuwa gumu, safari ya tairi kwenda juu inapungua, na dereva anausikia mtikisiko ule akidhani ni wepesi wa kona. Anaponunua gari la rimoti, anakuja na sikio hilohilo.

Kinachopaswa kuulizwa kwanza ni kazi ya springi na shokapu. Kazi yake si kuzuia gari lisiiname, wala si kulipamba. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba tairi halibanduki ardhini. Gari zima, lenye uzito unaokaribia kilo 1.4 na upana usiozidi milimita 190, linashikilia dunia kwa vipande vinne vidogo vya mpira. Kila sekunde ambayo kipande kimoja kiko hewani ni sekunde ambayo gari linashikilia ardhi kwa vipande vitatu tu. Mtu anayeshuka ngazi hukunja goti. Akishuka na miguu iliyokakamaa atafika chini, lakini hatakuwa na amri juu ya mwili wake. Gari lililokazwa kupita kiasi linashuka ngazi za lami kwa miguu iliyokakamaa.

Na lami hiyo haikupunguzwa mara kumi. Hili ndilo jambo ambalo wapenzi wa kukaza hulisahau kabisa. Gari limepunguzwa, tairi limepunguzwa, bodi ya Toyota au BMW imepunguzwa, lakini kokoto iliyochomoza milimita 5 kwenye sehemu ya kuegesha magari imebaki kokoto ileile. Kwa gari la 1:10 hiyo ni sawa na tuta la milimita 50 mbele ya gari halisi, na tuta hilo linafika bila onyo. Gari likienda kilomita 54 kwa saa, linapita milimita 15 katika kila sehemu moja ya elfu ya sekunde. Kijituta chenye urefu wa milimita 30 kinagonga na kuachwa nyuma katika muda wa sehemu mbili za elfu. Mafuta mazito ndani ya shokapu hayapati nafasi ya kupita kwenye matundu ya pistoni kwa kasi hiyo. Shokapu inageuka fimbo, na pigo lile linaishia kwenye chasisi, ambayo huruka pamoja na magurudumu yake.

Hapa mtetezi wa ugumu husimama na hoja yake kuu. Husema gari likiinama, uzito wote unamwagikia matairi ya nje na ya ndani yanabaki matupu, hivyo ukizuia kuinama umezuia uzito kuhama. Hoja hii inasikika kama akili ya kawaida, na ndiyo sababu imedumu. Lakini si kweli. Uzito unaohama gari likiwa konani unategemea mambo matatu: kimo cha kitovu cha uzito, upana kati ya matairi ya kushoto na kulia, na ukali wa kona yenyewe. Springi haimo katika hesabu hiyo. Gari lililofungwa vyuma badala ya springi huhamisha uzito uleule, bila kuinama hata kidogo. Kuinama ni kitu kinachoonekana kwa macho. Kuhama kwa uzito hakuonekani, na wengi wamechukua kile kinachoonekana kuwa ndicho kisababishi.

Kinachobadilishwa na springi na stabilaiza ni mgao. Uzito unaohama utabebwa zaidi na mhimili wa mbele au zaidi na mhimili wa nyuma? Mhimili ulio mgumu ndio unaobeba sehemu kubwa. Na mpira una tabia moja ambayo mafundi wa magari wameijua kwa miongo mingi: tairi likiongezewa uzito maradufu, mshiko wake hauongezeki maradufu. Huongezeka, lakini kwa kiasi pungufu. Kwa hiyo matairi mawili yanayogawana mzigo sawasawa hushika vizuri kuliko mawili ambayo moja limelemewa na jingine linaning'inia. Mhimili uliokazwa hulemea tairi lake la nje, hunyima lile la ndani, na kwa jumla hupoteza mshiko. Kaza mbele, na pua ya gari itakataa kona. Kaza nyuma, na mkia utataka kutangulia.

Sasa tazama kinachotokea kwa yule aliyefunga springi ngumu na stabilaiza nene mbele na nyuma kwa kiasi kilekile. Mgao haukubadilika. Kama gari lilikuwa linakataa kona kwa sababu mbele ilikuwa ngumu kuliko nyuma, uwiano ule umebaki palepale. Ametumia fedha, amefungua skrubu, amefunga skrubu, na ugonjwa wake yuko nao, isipokuwa sasa gari linaruka pia kwenye kokoto. Angelegeza mbele peke yake angepona siku hiyohiyo. Ni dawa ambayo wengi hawathubutu kuitumia, kwa sababu kulegeza kunaonekana kama kurudi nyuma.

Stabilaiza zinastahili onyo la peke yake. Mtu akitoa waya wa milimita 1.2 na kuweka wa milimita 1.4, hudhani ameongeza kidogo tu, kwa kuwa tofauti ni sehemu mbili za kumi za milimita na jicho haliioni. Ugumu wa waya unaojipinda hukua kwa kipeo cha nne cha unene wake. Kipimo hicho kidogo kimeongeza ugumu kwa takriban asilimia 85. Ndiyo maana gari lililokuwa tamu asubuhi huwa halitambuliki mchana, na lawama zikaenda kwa matairi.

Wapo wanaosema: tazama Formula 1, magari yale ni magumu kama jiwe, na ndiyo yanayokata kona kuliko yote duniani. Ni kweli kwamba ni magumu. Lakini ugumu wake unaihudumia hewa. Tangu Lotus 79 ilipotawala msimu wa 1978 kwa kunyonywa chini na hewa ipitayo chini ya sakafu yake, wahandisi walilazimika kushikilia kimo cha gari kisibadilike, kwa sababu sakafu ikipanda au kushuka nguvu ile hupotea. Sheria ya sakafu bapa, iliyozipiga marufuku sakafu hizo, ilikuja 1983. Sakafu za kunyonya ziliporudishwa 2022, magari yakaanza kudunda kwenye njia zilizonyooka kiasi kwamba FIA ikaweka kikomo cha mdundo katika msimu uleule, kwa ajili ya afya ya madereva. Yaani hata huko ugumu ni gharama inayolipwa ili kupata kitu kingine. Bodi ya plastiki ya gari la turingi inapata msaada wa hewa, lakini hakuna sakafu ya kunyonya ya kulinda, na kulipa gharama ile bila kupokea bidhaa ni hasara tupu.

Hesabu ndogo inaweka jambo hili wazi. Chukua gari la kilo 1.35 lenye springi za nyutoni 2.6 kwa milimita, na kadiria kwamba shokapu husogea kama asilimia 60 ya mwendo wa tairi. Gari hilo, likisukumwa na kuachwa bila mafuta ya shokapu, lingedunda karibu mara 8 kwa sekunde. Gari la familia hudunda mara moja hadi moja na nusu. Mtu ataona tofauti hiyo na kusema gari dogo tayari ni gumu ajabu, lakini kipimo kikipunguzwa mara kumi, midundo inapaswa kuongezeka kwa kipeuo cha pili cha kumi, yaani mara 3.16, ili tabia ibaki ileile. Gawanya 8 kwa 3.16 na unapata kama 2.5: hapo ndipo gari halisi la mbio lisilotegemea hewa kwa kiasi kikubwa linapokaa. Kwa maneno mengine, springi ya kawaida ya gari la mashindano tayari imewekwa katika ugumu wa mbio. Anayezidisha anaondoka katika ulimwengu wa matairi na kuingia ulimwengu wa sakafu za kunyonya, ambao yeye hana.

Historia ya magari makubwa nayo haiwatetei wapenzi wa kukaza. Maurice Olley, Mwingereza aliyetoka Rolls-Royce na kujiunga na Cadillac mwaka 1930, alitengeneza gari la majaribio lenye mizigo inayohamishika mbele na nyuma, ili aweze kubadilisha jambo moja na kusikia matokeo yake. Aligundua kwamba mbele ilihitaji springi laini kuliko zilizokuwa zikitumika wakati ule, na majaribio yale yalichangia General Motors kuleta magurudumu ya mbele yanayojitegemea katika magari yake ya 1934. Colin Chapman wa Lotus naye aliijenga Elan ya 1962 juu ya springi laini, safari ndefu ya magurudumu na shokapu zinazodhibiti vizuri. Gari lile huinama waziwazi konani, na bado linatajwa hadi leo kila wahandisi wanapozungumzia usukani mtamu.

Tukirudi kwenye magari madogo, wanaotengeneza magari ya ubingwa wanafanya nini? Wanatafuta ulegevu. Kwa miaka mingi sasa wamekuwa wakikata chasisi za kaboni na kuweka nafasi, wakigawanya sahani ya juu vipande viwili, wakitoa skrubu makusudi ili gari lijipinde kidogo konani. Xray ya Slovakia huuza mikono ya kushikilia magurudumu katika viwango tofauti vya ugumu, na fundi huchagua. Awesomatix waliachana na shokapu za kawaida na kuleta za kuzunguka, zinazolala ndani ya gari. Kama ugumu ungekuwa mshiko, wote hawa wangemimina kaboni nene na kufunga kila skrubu, kwa gharama ndogo zaidi.

Haki lazima itendeke, kwani zulia lipo. Kwenye zulia la ndani ya ukumbi, lililotandazwa vizuri na kunyweshwa dawa ya matairi ya kuongeza mshiko mbio baada ya mbio, hakuna kokoto na mshiko ni mkubwa kupindukia. Huko gari laini linaweza kulala upande mmoja ghafla mpaka ukingo wa chasisi ukakwaruza zulia, na gari likapinduka. Mafundi hodari hukaza huko, na wana sababu. Chaguo lao linafuata sakafu waliyoikuta, na mwenye zulia kama lile aige bila wasiwasi.

Hata hivyo, katika suala la kupinduka lenyewe, ugumu ni msaidizi tu. Gari hupinduka pale mshiko wa matairi unapozidi uwiano kati ya nusu ya upana wake na kimo cha kitovu cha uzito. Springi haiwezi kuandika upya uwiano huo. Anayetaka dawa ya kweli hushusha gari, hutumia sevo fupi, huilaza betri chini kabisa, hupunguza dawa kwenye matairi ya mbele, au hupaka supaglu kwenye ukingo wa nje wa tairi ili mpira ule usiume zulia. Njia hii ya mwisho ni ya kawaida mno kwenye mashindano ya zulia. Ni ya bei ndogo kuliko seti ya springi, na inagusa chanzo.

Tatizo linaanza pale karatasi ya vipimo ya zulia inaposafiri. Karatasi hizi huchapishwa kwa ukarimu mkubwa na madereva wa viwanda: ugumu wa springi, uzito wa mafuta, unene wa kila kipande kilichowekwa chini ya kila kiungo. Mchezaji anachukua karatasi ya bingwa, anaiiga mpaka nusu ya milimita, kisha analipeleka gari kwenye lami yenye vumbi nyuma ya duka kubwa, na linateleza kama liko juu ya sabuni. Hapo hushauriwa kukaza zaidi. Marc Rheinard aliyetwaa ubingwa wa dunia wa turingi akiwa na gari la Tamiya mara tatu, 2004, 2008 na 2010, hakushinda mara zote kwa karatasi moja. Viwanja vilikuwa tofauti, magari yalikuwa tofauti. Bruno Coelho alipotwaa taji la 2018 mjini Welkom, Afrika Kusini, timu zililazimika kuutafuta mshiko wa Welkom wenyewe, na karatasi za zulia la Ulaya hazikuwa na la kuwaambia. Kipimo kilichoandikwa kwenye karatasi ni jibu la swali lililoulizwa na sakafu fulani, siku fulani, kwa joto fulani, na matairi fulani. Anayenakili jibu bila kuliona swali atabahatisha.

Hoja ya mwisho ya wapinzani ndiyo yenye nguvu zaidi, na haifai kupuuzwa. Gari gumu huitika haraka. Dereva akigusa usukani, pua inageuka papo hapo, bila kusubiri bodi iegemee. Hisia hiyo ni ya kweli na inapendeza mkononi. Lakini wepesi wa kuitika na wingi wa mshiko ni vitu viwili. Gari linaweza kugeuka haraka kisha likateleza mapema. Heti ya turingi ni ya dakika 5, na ndani ya dakika hizo matairi yanayoteleza kidogo kwenye kila kona hupata joto, mpira hulegea, na gari lililokuwa kali katika mizunguko ya kwanza linakuwa la kupigana nalo katika mizunguko ya mwisho. Saa huyaona hayo yote. Anayetazama mzunguko wake bora peke yake atalipenda gari gumu. Anayejumlisha mizunguko yote ya dakika 5 mara nyingi atakuta gari laini limemtangulia. Na kama tatizo ni kuitika, kuna njia nyingine: usukani usio na ulegevu mwingi kwenye viungo vyake, kiungo cha ndani kilichoinuliwa nusu milimita, tairi linaloshuka kidogo zaidi nyuma gari linapoinuliwa. Kila moja ya hizo hugusa sehemu moja bila kuiumiza nyingine.

Kabla ya springi yoyote, fundi aangalie kama gari lenyewe limenyooka. Ncha ya kisu ikiwekwa katikati chini ya pua na gari likainuliwa taratibu, magurudumu mawili ya mbele yanapaswa kuacha meza kwa pamoja. Moja likitangulia, chasisi imejipinda au springi za kushoto na kulia zimekazwa tofauti, na gari hilo litakata kona ya kulia vizuri huku likikataa ya kushoto. Mengi yanayoitwa ulegevu wa gari ni mkengeuko huo. Pia shokapu zifunguliwe na kutolewa hewa: povu ndani ya mafuta humfanya mtu adhani mafuta ni mepesi, akaongeza uzito, wakati alihitaji tu kuacha mafuta yatulie na kufunga kofia vizuri.

Anayeanza na Tamiya TT-02, gari lililotoka 2013 na ambalo wengi huanza nalo, ana jambo moja zaidi la kulijua. Vifaa vyake vya kawaida huja na shokapu za msuguano, zisizo na mafuta kabisa. Ni plastiki inayokwaruza plastiki. Zinakwama, kisha zinaachia, kisha zinakwama tena, na hakuna springi inayoweza kuzifundisha adabu. Fedha ya kwanza iende kwenye shokapu za mafuta na beringi za kweli, zile zinazoondoa bushi za plastiki. Baada ya hapo gari lijaribiwe na springi laini, mafuta mepesi na bila stabilaiza, dakika 5 kamili kila mara, na mizunguko yote iandikwe. Kitu kimoja kibadilishwe kwa wakati. Springi ngumu ibaki kwenye pakiti yake mpaka gari lenyewe lionyeshe, kwa tairi kugusa bodi au tumbo la chasisi kukwaruza lami kwenye kona ileile kila mzunguko, kwamba ile laini imefika mwisho wa uwezo wake. Na ikifika hapo, ianzwe upande mmoja tu, mbele au nyuma.